Simu Bila Mikono Katika Gari: Waya Tatu na Maiki Moja

Kifaa cha kupokelea simu bila mikono ni kijisanduku cha kielektroniki kinachofichwa nyuma ya dashibodi, kikaunganishwa na redio ya gari kwa waya na simu ya dereva kwa Bluetooth. Simu inapoita, kijisanduku huinyamazisha redio, hutoa sauti ya mpigaji kwenye spika za gari, na huichukua sauti ya dereva kwa maiki ndogo iliyobandikwa karibu na kioo cha mbele. Dereva hubonyeza kitufe kimoja tu. Simu yenyewe hubaki mfukoni.

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kuanzia Kabuta hadi Kashikishi na Nchelenge mjini, simu ni chombo cha biashara ya samaki. Uvuvi ukishafunguliwa baada ya miezi ya marufuku, Desemba hadi Februari, dereva aliyepakia samaki hupigiwa njia nzima: bei ya mjini Mansa imepanda au imeshuka, mteja wa mkoa wa Copperbelt anangoja au ameshanunua kwingine. Barabara hiyohiyo ina baiskeli zilizobeba mizigo, watoto wa shule na mbuzi. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akiinamia simu kwa sekunde mbili, gari limekwenda mita 44 bila macho.

Je, wajua kwamba simu ya kutembea nayo ilianzia garini, si mkononi? Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis, Marekani, ilipigwa simu ya kwanza ya huduma ya kibiashara kutoka ndani ya gari. Mitambo yake ilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi. Kilichoondoa waya kati ya simu na gari kilikuja baadaye sana: wahandisi wa Ericsson huko Lund, Sweden, walianza kazi ya Bluetooth mwaka 1994, na mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba zikaunda umoja wa kuisimamia. Mawimbi yake hufika mita 10 hivi tu, na huruka kutoka masafa hadi masafa mara 1,600 kwa sekunde ili yasigongane na mengine. Kwa ndani ya gari, mita 10 ni nyingi.

Vifaa rahisi havihitaji fundi. Kimoja hubanwa kwenye kivuli cha jua juu ya dereva, nacho kina spika yake. Kingine huchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara na kurusha sauti ya simu kama kituo kidogo cha FM, redio ya gari ikikamata. Hiki cha pili ndicho kinachowasumbua wengi. Magari mengi ya eneo la Mweru yalitumika kwanza Japani, na redio za zamani za huko hukamata megahezi 76 hadi 90, wakati kirusha sauti hufanya kazi kati ya 87.5 na 108. Kinachobaki ni upenyo mwembamba chini ya 90, na kituo cha redio kikiwa hapo, mazungumzo hayasikiki. Mnunuzi hulaumu kifaa, kumbe kifaa hakina kosa.

Kifaa cha kufungwa moja kwa moja hakina shida hiyo. Kazi huanza kwa kufungua waya wa hasi kwenye betri, kisha redio huchomolewa. Kati ya plagi ya gari na redio huwekwa waya za kuunganishia zenye plagi za aina ya gari husika, kwa hiyo hakuna waya wa gari unaokatwa. Fundi anayekata na kuzungushia tepu huokoa bei ya plagi, lakini vumbi na mtikisiko wa barabara huilegeza tepu, na spika moja hunyamaza.

Waya za umeme ni tatu. Wa kwanza hutoka kwenye betri na huwa na umeme muda wote. Wa pili hupata umeme ufunguo unapowashwa. Wa tatu ni wa hasi, unaofungwa kwenye chuma cha bodi. Rangi si za kuaminiwa. Katika redio nyingi za dukani wa betri ni wa njano na wa ufunguo ni mwekundu, ila Parrot, kampuni ya Ufaransa iliyovuma kwa vifaa hivi, ilitumia mwekundu kwa betri na rangi ya machungwa kwa ufunguo. Fundi mzuri hupima kila waya kwa testa, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha umewashwa. Waya wa betri na wa ufunguo zikibadilishana, kifaa kinaweza kusahau simu ya dereva kila gari linapozimwa, au kubaki macho usiku kucha na kunyonya betri.

Kwenye lori ni lazima kujua volti kwanza. Malori mengi ya Kijapani, Fuso na Isuzu yakiwemo, yana betri mbili zinazotoa volti 24, ilhali kifaa cha kawaida kimetengenezwa kwa volti 12. Bila kipunguza umeme, kinaweza kuungua mara tu kinapowashwa.

Maiki ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama kazi ni nzuri. Mahali pake ni juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma au juu ya nguzo ya mbele, ikielekea mdomo wa dereva, mbali na matundu ya feni. Waya wake haupitishwi mbele ya mfuko wa hewa wa usalama. Kijisanduku hulinganisha sauti inayotoka kwenye spika na ile inayorudi kwenye maiki, kisha huiondoa ya spika; maiki ikiwa karibu mno na spika, au sauti ikifunguliwa hadi mwisho, mpigaji hujisikia mwenyewe akirudiwa. Kwa hiyo kifaa hujaribiwa injini ikiwaka na dirisha likiwa wazi, kama gari linavyoendeshwa siku za joto.

Kifaa huacha mikono huru, lakini akili hubaki kwenye mazungumzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hatari ya ajali kwa dereva anayetumia simu ni takriban mara nne ya asiyeitumia, na kwamba simu ya bila mikono si salama zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko ya kushikwa. Mjadala wa bei ya samaki ungoje gari lisimame. Kifaa hiki kinatosha kusema "nitakupigia nikifika".

Gari linapouzwa, plagi za awali hurudishwa na kijisanduku huhamishiwa gari jingine. Mwenye kukiacha ndani afute kwanza kumbukumbu yake, kwa sababu vifaa vingi hunakili orodha ya majina na namba za simu.