Solo ya Jazi Huanzia Kwenye Kiungo

Mwanafunzi wa gitaa anayeingia katika jazi hukutana mapema na ushauri wa aina mbili, na wote hutolewa kwa nia njema. Wa kwanza humwambia ajifunze skeli, yaani ngazi ya sauti saba kuanzia do hadi ti, kisha azitumie apendavyo juu ya kodi zinazopita. Wa pili humwambia ajifunze apejio, yaani kuzipiga sauti za kodi moja baada ya nyingine badala ya kuzipiga zote kwa pamoja. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na limetokana na jina la kinubi, ala ambayo kila uzi wake husikika peke yake hata vidole vikienda kasi. Makala haya yanatetea ushauri wa pili, lakini kwa sharti moja ambalo husahaulika mara nyingi. Apejio hazimfai anayeanza kwa sababu amezikariri nyingi. Zinamfaa akijua mahali ambapo apejio moja inaikabidhi nyingine zamu. Mahali hapo nitapaita kiungo. Asiyekisikia kiungo anaweza kuzijua apejio mia, na solo yake bado ikabaki kuwa mazoezi ya vidole.

Aliyewahi kuimba kwaya kwa do-re-mi anayo tayari nyenzo ya kulipima jambo hili. Mwendo unaojirudia sana katika nyimbo za jazi za Marekani ni wa kodi tatu: inayojengwa juu ya re, inayojengwa juu ya so, na ile ya nyumbani, ya do. Katika ufunguo wa C huandikwa Dm7, G7 na Cmaj7. Ya kwanza ina re, fa, la na do; ya pili ina so, ti, re na fa; ya tatu ina do, mi, so na ti. Zote tatu zimejengwa kwa sauti zilezile saba za skeli moja, na ndiyo maana mtetezi wa skeli husema, kwa haki kabisa, kwamba mwanafunzi akibaki ndani ya sauti hizo hatatoka nje ya ufunguo. Lakini udhaifu uko hapohapo. Kodi tatu zimepita, mwanafunzi amepanda na kushuka ngazi ileile, na besi na piano vikinyamaza msikilizaji hawezi kujua kama wimbo umeondoka nyumbani au umesharudi. Tena sauti hizo saba hazina uzito sawa kila wakati. Fa inatulia juu ya kodi ya re kwa kuwa imo ndani yake. Ukiishikilia juu ya kodi ya do inagongana na mi, iliyo nusu toni tu chini yake. Do nayo iko kwao juu ya kodi ya nyumbani, ila ikikawia juu ya kodi ya so inasuguana na ti. Skeli haimwonyi mwanafunzi lolote kuhusu hayo, kwa sababu skeli huzihesabu sauti zote sawa.

Sasa tazama kodi zinavyopokezana. Kodi ya re na kodi ya so zina sauti mbili za pamoja, re na fa. Zinazobadilika ni mbili tu: la inashuka kuwa so, na do inashuka kuwa ti. Kutoka kodi ya so kwenda kodi ya do, so na ti hubaki. Re inashuka kuwa do, na fa inashuka kuwa mi. Katika mabadiliko haya manne, mawili ni ya toni nzima na mawili ni ya nusu toni, yaani do kwenda ti na fa kwenda mi. Skeli nzima ya meja ina nusu toni mbili tu, kati ya mi na fa na kati ya ti na do. Kwa hiyo nusu toni zote mbili za skeli zimekaa palepale kodi zinapobadilika, moja katika kila badiliko. Hicho ndicho kiungo. Sauti iliyokuwa ya kodi inayoondoka inasogea hatua ndogo kuliko zote, na inatua kwenye sauti inayoitambulisha kodi inayofika: ti ni sauti ya tatu ya kodi ya so, mi ni ya tatu ya kodi ya do, na sauti ya tatu ndiyo inayoamua kama kodi ni meja au maina. Mpigaji akiipiga ti wakati uleule kodi ya so inapoingia, hata gitaa likiwa peke yake chumbani, badiliko linasikika.

Wimbo ambao wanafunzi wengi huanza nao, “Autumn Leaves”, umejengwa juu ya siri hii. Joseph Kosma, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Ufaransa, alitunga muziki wake mwaka 1945. Maneno ya Kifaransa ni ya Jacques Prévert, na ya Kiingereza yaliandikwa baadaye na Johnny Mercer. Sauti ndefu ya kwanza ya wimbo huo, ukiuhesabu kwa ufunguo wake wa meja, ni fa. Inaingia juu ya kodi ya re na kuvuka nayo hadi kodi ya so inapofika. Zinafuata noti tatu za kupanda, so, la, ti, kisha sauti ndefu inayofuata ni mi, juu ya kodi ya do. Fa imeshuka kuwa mi hasa pale inapotakiwa. Wimbo unaendelea hivyo kwa hatua mbili zaidi, na kila mara sauti ndefu hutua kwenye sauti ya tatu ya kodi inayoingia. Mtu asiyejua jina la kodi hata moja huukumbuka wimbo huu baada ya kuusikia mara chache, na naamini kiungo kina mchango mkubwa katika hilo. Mwanafunzi akiiga jambo hilo moja tu katika solo yake, tayari anazungumza lugha ya wimbo wenyewe.

Gitaa lina ugumu wake ambao piano haina. Kwenye piano kila sauti ina mahali pamoja. Kwenye gitaa, ile mi inayotoka kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukiwa wazi, inapatikana pia kwenye uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa nne freti ya 14 na uzi wa tano freti ya 19. Kwa wingi huo wa njia, anayeanza hukimbilia kukariri picha: vidoti kadhaa kwenye mchoro wa shingo ya gitaa, vinavyoanzia kwenye sauti ya msingi ya kodi. Picha inasaidia mkono na inalifisha sikio. Kodi ikibadilika, mkono unaruka kwenda kutafuta mwanzo wa picha mpya, unaipanda kutoka chini hadi juu, kisha unaruka tena. Muziki unakatika kila kipimo. Dawa yake ni kuuacha mkono mahali pamoja na kuzilazimisha kodi zije kwake. Chukua mfano huu, mapigo manne kwa kila kodi, noti moja kwa kila pigo. Juu ya kodi ya re piga re, fa, la, do: uzi wa tano freti ya 5 na ya 8, uzi wa nne freti ya 7, uzi wa tatu freti ya 5. Juu ya kodi ya so piga ti, re, so, fa: uzi wa tatu freti ya 4 na ya 7, uzi wa pili freti ya 8 na ya 6. Kodi ya do inapoingia, piga mi kwenye uzi wa pili freti ya 5 na uiache ilie. Noti tisa, mkono haujahama, kila noti imo ndani ya kodi yake, na viungo vyote viwili, do kwenda ti na fa kwenda mi, vimeangukia kwenye pigo ambalo kodi inabadilika. Angalia pia kwamba apejio ya pili haikuanza na so, sauti yake ya msingi. Imeanza pale ya kwanza ilipoishia, hatua moja ya freti nyuma.

Historia ya jazi inaunga mkono hoja hii. Tarehe 11 Oktoba 1939 Coleman Hawkins alirekodi “Body and Soul” kwa saksafoni, na baada ya kuugusa kidogo wimbo wenyewe aliuacha na kuifuata njia ya kodi zake hadi mwisho. Saksafoni hutoa sauti moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kodi isikike kwenye ala hiyo hana njia ila kuitamka sauti kwa sauti. Mwaka huohuo Charlie Christian alijiunga na Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme, aina ya Gibson ES-150 iliyotoka mwaka 1936, na kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi walisikia gitaa likisimama mbele na kuzungumza kama saksafoni. Christian alijenga misemo yake kutoka kwenye maumbo ya kodi aliyoyashika mkononi, na alipofariki Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 25, wapiga gitaa walikuwa tayari wanaiga njia hiyo. Ulaya kulikuwa na Django Reinhardt. Moto uliounguza gari lake la makazi mwaka 1928 ulimharibia vidole viwili vya mkono wa kushoto, na solo zake nyingi alizipiga kwa viwili vilivyobaki. Hata hivyo apejio zake zinapita shingo nzima ya gitaa. Kwake apejio ilikuwa njia ya kusafiri, na rekodi alizoanza kufanya na Stéphane Grappelli mjini Paris katika miaka ya 1930 zinatosha kumshawishi anayedhani jambo hili linahitaji mkono wa ajabu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba solo ya apejio husikika kama zoezi. Ukweli wake naukubali, na sababu yake nimeshaitaja: ni matokeo ya kuanza kila kodi kwenye msingi wake na kuipanda yote. Mpigaji mzuri huchagua sauti mbili au tatu za kodi, huzizungushia sauti za jirani, hasa ile iliyo nusu toni chini, huacha kimya, na hulipa pigo uhai. Lakini sauti ya jirani haina maana kama hujui jirani ya nani. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mwaka 1959 Miles Davis alirekodi albamu ya “Kind of Blue”, ambamo baadhi ya nyimbo hukaa kwenye skeli moja kwa vipimo vingi bila kodi kubadilika, na wengine huona kwamba tangu hapo apejio ni mambo ya kale. Hebu tumwangalie John Coltrane, aliyepiga saksafoni katika albamu hiyo. Kikao cha mwisho cha kuirekodi kilikuwa Aprili 22. Mwanzoni mwa Mei Coltrane alirekodi “Giant Steps”, wimbo ambao kodi zake hubadilika kwa kasi kubwa na ambao solo yake imejengwa kwa kutamka kodi moja moja. Aliyepewa uhuru wa skeli ndiye huyohuyo aliyezichimba kodi kuliko wenzake, tena katika majira yaleyale.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba mabingwa walijifunza kwa sikio. Wes Montgomery wa Indianapolis ni mfano wake mkuu. Hakusoma noti, alizisikiliza solo za Christian na kuzipiga noti kwa noti, kisha mwaka 1948 akachukuliwa na bendi ya Lionel Hampton. Lakini kilichoingia katika sikio lake kutoka kwenye rekodi hizo kilikuwa nini? Kilikuwa sauti za kodi na viungo vyake. Sikio na apejio hazishindani; apejio ni kile ambacho sikio lake lilikusanya. Msikilizaji wa Kiswahili analo jambo la kuongeza hapa. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi akipiga “Masanga” mwaka 1952, alizivunjavunja kodi kwa kidole gumba na cha shahada kwa namna inayowashangaza wapiga gitaa hadi leo, na wapiga solo wa bendi zetu za dansi, nyingi zikijiita Jazz, walizitumia sauti za kodi vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba katika dansi kodi ni chache na huzunguka, mpigaji ana muda wa kuzizoea. Katika jazi ya Marekani kodi huweza kubadilika kila kipimo, wakati mwingine mara mbili ndani ya kipimo, na ufunguo nao ukahama. Sikio letu limeshazoea kodi iliyovunjwa. Lililobaki ni kulizoeza kuvuka haraka.

Kwa hiyo wewe unayeanza, weka kando kwa mwezi mmoja michoro yote isipokuwa ya kodi hizi tatu. Jirekodi kwenye simu ukizipiga polepole, mapigo manne kwa kila kodi, dakika tano mfululizo. Juu yake piga noti nne tu: do na ti za uzi wa tatu, freti ya 5 na ya 4, fa na mi za uzi wa pili, freti ya 6 na ya 5. Kisha rudi kwenye ule mfano wa noti tisa, na baada yake ubuni wako, ukikubali kubadili kila kitu isipokuwa viungo viwili. Ukiviweza katika C, hamia F, kisha B bemoli, funguo ambazo wapiga saksafoni na tarumbeta huzipenda na ambazo utazikuta mara kwa mara ukikaa nao. Anza leo na do na ti peke yake, na usiguse uzi kabla hujaziimba.