Kodi ya Chumba na Chakula cha Mtoto



Mwezi huu tuzungumze juu ya kodi ya nyumba. Huenda baadhi yenu mtashangaa kuikuta katika ukurasa wa afya. Lakini sisi wauguzi wa kliniki ya watoto tunakutana nayo mara kwa mara, ingawa haiandikwi kwenye kadi. Mtoto alikuwa akiongezeka uzito vizuri, kisha mwezi mmoja mstari unalala, na mwezi unaofuata unashuka. Hana homa, wala haharishi. Ukimwuliza mama yake taratibu anajibu, "Mama, mwezi uliopita tulilipa kodi."

Tufanye hesabu. Tuseme familia moja ya Dar es Salaam ina kipato cha shilingi 200,000 kwa mwezi, nayo imepata chumba cha shilingi 60,000. Wataalamu wa makazi husema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Hapa ni asilimia 30 kamili, kwa hiyo katika karatasi familia hii haina shida. Lakini wapangaji wangapi wanaruhusiwa kulipa mwezi kwa mwezi? Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 360,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 420,000. Hicho ni kipato cha zaidi ya miezi miwili, kabla hawajanunua hata kibiriti. Wengine hudaiwa kodi ya mwaka mzima.

Fedha hizo hutoka jikoni. Nauli ya baba kwenda kazini haipunguzwi. Kinachopunguzwa ni maharage, dagaa, na karanga za kutia katika uji. Mtu mzima aweza kuvumilia ugali na mchicha kwa wiki kadhaa. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 hawezi, maana huo ndio wakati ambapo mwili na ubongo wake hukua kwa kasi. Mwenye shinikizo la damu naye huanza kuruka vidonge "mpaka mambo yakae sawa", na mishipa yake haijui habari za kodi.

Wengine hukwepa mzigo huo kwa kutafuta chumba cha bei ndogo kabisa. Nyumba zetu za kawaida za mjini zina ukumbi katikati, vyumba kila upande, choo na jiko uwani. Siyo nyumba mbaya, mradi kila chumba kina dirisha linalofunguka. Siku hizi vyumba huongezwa uwani mpaka dirisha la jirani linatazama ukuta. Humo wanalala watu sita. Mmoja akiwa na kifua kikuu, vijidudu anavyokohoa hubaki hewani, na wenzake huvivuta usiku kucha. Mvua ikinyesha jiko la mkaa huingizwa ndani, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Hapo nawasihi: jiko libaki nje, hata kama chakula kitachelewa.

Hapa Tanzania ilikuwepo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi, lakini ilifutwa mwaka 2005. Kodi ni mapatano kati yako na mwenye nyumba, basi zungumza naye mapema. Mpangaji mtulivu anayelipa kwa wakati ana thamani. Mwombe miezi mitatu badala ya sita, na mapatano yaandikwe. Kabla ya kutoa fedha ingia chumbani mchana, ufungue dirisha, utazame choo, uulize watu wangapi wanakitumia.

Aliyekwisha kuhamia aanze mwezi huo huo kuweka fungu la kodi ijayo, kwa kikundi cha kuweka na kukopa au kwa simu. Mama na baba wapange pamoja, na fungu la chakula cha mtoto litengwe kwanza.

Yeyote aliyekohoa wiki mbili au zaidi aje apimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Tukiwauliza mnalala wangapi chumbani, tajeni idadi ya kweli. Hatumwambii mwenye nyumba.