Khofu na Tumaini Ukingoni mwa Kaburi

Siku alipozikwa jirani yangu hapa Msambweni, nilisimama chini ya minazi pamoja na wazee wawili wa mtaa wetu. Marehemu alikuwa Mkristo, Mtaita aliyehamia huku ujanani akazeekea hapa hapa, na kila Idi hakukosa kuja kwangu kula biriani. Kubaki nyumbani siku ile kusingekuwa adabu. Tulitazamia kilio, wao wakaimba, waume kwa wake, na sauti zao hazikuwa za watu waliovunjika. Nilipompa pole mjane wake, akaniambia, "Ahsante, ndugu yangu. Mwenzangu amefika nyumbani. Najua aliko."

Najua aliko! Njiani mzee mmoja akanong'ona kwamba hayo ni makufuru: nani aliyefunuliwa pazia la ghaibu? Sikumjibu, kwani neno lile lilikuwa limenichoma mahali pengine.

Nilipokuwa mtoto chuoni, maalimu alitueleza safari ya maiti kwa utulivu wa mtu aelekezaye njia ya kwenda Kwale: Munkari na Nakiri, mizani, kitabu cha kuume au cha kushoto, na sirati iliyo nyembamba kuliko unywele. Usiku usingizi haukuja. Miaka mingi baadaye marehemu baba yangu, ambaye sikupata kumwona akiikosa sala ya alfajiri, alinishika mkono kitandani akaniuliza, "Mwanangu, nitavuka?" Nikamsomea Yasini. Swali lake sikulijibu, na mpaka leo sijui nilinyamaza kwa adabu au kwa woga.

Basi matanga yalipokwisha nikarudi kwa yule mama, nikamwuliza bila kuzunguka: wajuaje? Akacheka kidogo. Akasema lau ingekuwa ni hesabu ya matendo ya mumewe, yeye aliyekaa naye miaka arobaini ndiye angekuwa wa kwanza kutia shaka. Lakini wao huamini kwamba atakayehukumu siku ile ni Yesu yule yule aliyekufa kwa ajili yao. Humwendea Hakimu wanayemjua, na deni limekwisha kulipwa. Kiburi nilichokitafuta katika maneno yake sikukiona.

Tumaini hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza, alifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine akajifungua binti, akafa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, akawaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi kuanza. Mwaka 1881, huko kwao Ujerumani, alikutwa asubuhi amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Dini yake siyo yangu, lakini mtu aliyekufa hivyo sithubutu kumwita mwenye majivuno.

Tunapoachana nao hapana haja ya kupaficha. Kwetu hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine, na Nabii Isa hakusulubiwa. Lakini je, sisi tumeachiwa khofu peke yake? Nilikifungua tena kitabu cha Ghazali, Ihyaa, ule mlango wa khofu na rajaa. Anasema khofu ni mjeledi wa kumfaa mtu angali mzima, mwenye nguvu za kuasi. Ama anayekata roho, huyo rajaa ndiyo bora kwake, afe akimdhania Mola wake mema. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba hakuna atakayeingia peponi kwa matendo yake, hata yeye mwenyewe, ila Mungu amfunike kwa rehema Yake.

Jibu la baba lilikuwa rafuni mwangu siku zote, nami nikamwacha aondoke bila ya kulisikia.

Juzi nilimsomea mlango huo barazani yule mzee wa makufuru. Alisikiliza kimya, kofia magotini. Kisha akaniomba nimwachie kitabu; macho yake hayaoni vyema siku hizi, lakini anaye mjukuu ajuaye kusoma.