Kujifanya au Kujisitiri? Neno Moja katika Elimu ya Usonji

Neno usonji limekwisha kukubalika kwa kutaja ile hali ya maumbile imfanyayo mtu atofautiane na wenziwe katika kuzungumza, kutangamana na kuhisi mambo. Lakini tendo moja lifungamanalo na hali hiyo halijapata jina la kukubaliwa na wote, nalo ni kuzificha dalili zake: mtu hujilazimisha kumtazama msemaji machoni, hutunga maneno moyoni kabla ya kusema, huiga kicheko cha wenziwe.

Haja ya neno si ndogo. Katika watoto 11 walioelezwa na Leo Kanner nchini Marekani mwaka 1943, 8 walikuwa wavulana. Na mifano 4 ya Hans Asperger, mwaka 1944, yote ilikuwa ya wavulana. Dalili zikazoeleka kwa sura ya kiume, na wanawake wengi wenye kuficha wakatambuliwa ukubwani, baada ya kutibiwa wasiwasi au huzuni tu. Jambo hili lawahusu pia wasiojitambua kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, ambao usonji waonekana kwao zaidi kuliko kwa wengine.

Kwanza, kujifanya. Neno hili lina shutuma ndani yake: ajifanyaye mgonjwa si mgonjwa. Tabibu akiandika kuwa mwanamke fulani “anajifanya”, msomaji atadhani usonji ndio wa uongo, ilhali kinachoigizwa ni ule ukawaida.

Pili, kuvaa barakoa. Zamani barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha baadhi ya wanawake wa Unguja. Tangu mwaka 2020 wengi huijua kwa kuzuia maradhi. Lakini barakoa huvuliwa mlangoni. Mazoea yaliyoanza utotoni hayavuliki hivyo.

Tatu, kujisitiri, yaani kujifunika ili mtu asiaibike wala asidhurike. Hapa sababu ya tendo imo katika neno lenyewe. Kasoro yake ni kwamba sitara kwetu ni sifa njema, hata uchovu wa mwenye kujisitiri waweza kusahauliwa. Yampasa mwandishi autaje waziwazi.

Hata hivyo nalipendelea neno hili. Mwanamke wa miaka 40 akiulizwa, “Je, unajisitiri mbele za watu?” aweza kukubali bila kujihukumu. Akiulizwa, “Je, unajifanya?” atajibu la, na jibu hilo ndilo litakaloandikwa katika cheti chake.