Je, Wajua? Maji ya Mwakirunge, Maji ya Durban

Mgiriama wa Mwakirunge, pwani ya Kenya, huyaita maji *madzi*. Mzulu wa Durban, karibu kilomita 3,000 kusini, huyaita *amanzi*. Sadfa? Sadfa huzaa neno moja, haizai utaratibu. Penye t ya Kiswahili, Kigiriama mara nyingi huweka h: tatu ni *hahu*, moto ni *moho*. Kizulu kimeitunza t: *-thathu*. Atakayesema maneno haya yaliazimwa tu ana hoja, maana Kiswahili chenyewe kilichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Lakini anayeazima huchukua neno takriban alivyolisikia. Hapiti akigeuza t kuwa h katika neno baada ya neno. Mageuzi ya namna hiyo hutokea ndani ya lugha yenyewe, kizazi hadi kizazi, baada ya lugha ndugu kuachana.

Na kuna ndugu walioachana mbali zaidi. Kiassam cha India na Kislovakia cha Ulaya ni wa ukoo mmoja: mbili ni *dui* na *dva*, tatu ni *tini* na *tri*. Kiassam kimepoteza jinsia za nomino. Kislovakia bado kinazo zote tatu.