"Kidogo" ya Kiingereza ina maneno mengi, na kila neno lina bei yake



Mteja wa nje kapokea mkoba wa ukili alionunua kwako, kisha anakuandikia hivi: "It's lovely, but it's a bit small." Wengi wetu tunaliona lile "lovely" tu, tunajibu "Thank you, welcome again" na moyo mwekundu. Kumbe mtu anakwambia mkoba si saizi aliyoitaka na anangoja aone utafanya nini. Akiona moyo ananyamaza. Siku ya tatu unakuta nyota mbili kwenye ukurasa wako na hujui zimetoka wapi.

"A bit" ni kidogo, sawa. Lakini Muingereza anaitumia kama sisi tunavyoitumia kidogo yetu. Ukimuuliza mtu hapa Bububu kuhusu Nungwi akakwambia "mbali kidogo", ushajua ni mbali. Mteja akisema kanga zako "ghali kidogo", hanunui kwa bei hiyo. Kidogo pale haipimi kitu, inapunguza makali ya maneno tu. Basi na wewe ukisoma "a bit expensive", "a little late" au "slightly disappointed", ielewe hivyo hivyo: ni ghali, umechelewa, kakasirika. Mjibu siku hiyo hiyo, na umpe njia: "I'm sorry it's smaller than you expected. Would you like to exchange it?"

Mie naona maneno ya udogo yanatugharimu sisi wauzaji wa mitandaoni kuliko maneno makubwa. "Big", "new", "best" kila mtu anayajua. Kwenye kidogo ndo pesa inapotea, kwa sababu mteja wa mtandaoni hashiki mali, hainusi, haibonyezi. Kitu pekee alichoshika ni neno lako na picha.

Tuanze na herufi moja, "a". Skuli tulifundishwa "few" na "a few", "little" na "a little", tukajibu mtihani tukasahau. "A few customers complained" maana yake wapo wateja kadhaa waliolalamika. "Few customers complained" maana yake karibu hakuna aliyelalamika. Herufi moja tu, na biashara yako ishakuwa mbaya au nzuri. "Few" ni kwa vitu vya kuhesabika, "little" kwa visivyohesabika, mambo ya sukari, maziwa, wakati.

Hapo kwenye sukari pana jambo. "A little sugar" ni kwamba sukari imo, kidogo. "Little sugar" ni kwamba sukari karibu haimo. Dada yangu unayeuza kashata na halua, ukiandika "made with little sugar" unawaita watu wa kisukari waje wanunue. Mtu ataagiza kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Kama sukari imo, andika imo, na kama umeipima, weka gramu zake.

Halafu "quite a few" isikudanganye. Ndani yake mna "few" lakini maana yake ni nyingi tu. Mteja wa jumla akikwambia "I need quite a few", usimtengenezee vitatu. Muulize "How many exactly?" Na zile posti za "few left" ni sawa, ila namba ina nguvu zaidi: "Only 3 left." Tena iwe kweli tatu, maana mteja anayeona "few left" mwezi mzima hakuamini tena hata ukisema kweli.

Sasa wauzaji wa mitumba, viatu na simu, njooni hapa. "Hardly" haina uhusiano na ugumu wala wingi. "Hardly worn" maana yake karibu haijavaliwa. Nimeona posti ya viatu, muuzaji kaandika "hardly used" na yeye nia yake aseme vimetumika sana ndo maana kashusha bei. Mteja kasoma kinyume, kalipia, kapokea soli imelika upande mmoja. Ugomvi ule uliendelea siku mbili mbele za watu, na muuzaji wa watu hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. "Barely used" ni ndugu yake "hardly used". Kitu kilichochoka andika "well worn" au "heavily used", hakuna aibu, wapo wanaovitafuta kwa bei hiyo.

"Slight" na "minor" pia zina mpaka. "Minor scratch" ni mkwaruzo wa kuuona mpaka uiinamie simu. Kioo kikiwa na ufa, hata uwe mfupi kama ukucha, huo si "minor". Andika "cracked screen", piga picha karibu, weka sarafu pembeni watu waone ukubwa.

Tuje kwenye viungo, maana huku ndiko kwetu. Njia ya Kizimbani na Kidichi tunaijua, kila siku watalii wanakwenda mashambani na kurudi na vifuko vya iliki, mdalasini na kungumanga. Wakifika kwao vikaisha, wanatutafuta mitandaoni, na suali lao la kwanza ni nitie kiasi gani. Kwenye mapishi yao wana maneno ambayo sisi yote tunayaita kidogo: "a pinch", "a dash", "a smidgen", "a tad". Kwa mpishi wa kawaida "pinch" ni kile kinachoshikika baina ya kidole gumba na cha shahada. "Dash" mara nyingi ni ya majimaji, unaitikisa chupa ya siki mara moja na kilichodondoka ndo hicho. Marekani wanauza mpaka seti ya vijiko vya vipimo hivi: ukichukua kijiko cha chai cha mililita 5, "tad" ni robo yake, "dash" ni 1/8, "pinch" ni 1/16, na "smidgen" ni 1/32. Si sheria, seti nyingine zinatofautiana, lakini inakusaidia kujua kipi kikubwa kuliko kipi.

"Hint" na "touch" ni kitu kingine, hizo ni za ladha na harufu. "Tea with a hint of ginger" ni chai ambayo tangawizi unaihisi kwa mbali. Chai yetu sisi inaunguza koo! Hiyo andika "strong ginger", wako wanaoitaka hivyo hivyo, na hawatoipata kama umeificha nyuma ya "hint".

Na tafadhalini, "put small salt" tuiwache. "Small" ni umbo la kitu, kifuko kidogo, chupa ndogo. Chumvi ni "a little salt" au "a pinch of salt".

Kwa nini nang'ang'ania vipimo hivi? Chukua kungumanga. Inanukia, inapendeza kwenye maziwa na keki, lakini mtu akila gramu kadhaa kwa mpigo anaweza kutapika, moyo kwenda mbio, hata kuona vitu visivyokuwepo. Sisi tumezaliwa nayo tunajua ni ya kukwangua kidogo. Mtu aliyeiona mara ya kwanza kwenye shamba hajui. Ukimwandikia "a small spoon" atachagua kijiko anachokijua yeye. Ukimwandikia "a pinch, freshly grated" umemaliza. Mafuta safi ya karafuu ni vivyo hivyo: hayapakwi mwilini bila kuchanganywa na mafuta mengine, na yawekwe mbali na watoto. Neno lake ni "drop", tone, kamwe si "dash". Kwa kawaida matone 20 hivi hufanya mililita 1, kwa hiyo chupa ya mililita 10 ni matone 200 hivi. Hesabu hiyo mwambie mteja, inamfanya aone bei yako si kubwa.

Neno zito kuliko yote ni "trace", na ndilo dogo kuliko yote. Hiyo ni chembe ambayo hata hukuitia kwa makusudi. Umepakia korosho kwenye sinia, ukalifuta kwa kitambaa, ukapakia manjano hapo hapo. Ndo "may contain traces of nuts". Mtu mwenye mzio, hiyo tunayoiita aleji, chembe inaweza kumuua. Uingereza na Umoja wa Ulaya wana orodha ya vitu 14 ambavyo muuza chakula lazima avitaje, na ndani yake mna karanga, jamii ya korosho na lozi, maziwa, mayai, samaki, na ufuta.

Ufuta, jamani. Mwaka 2016 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikula mkate wa kununua kabla ya kupanda ndege. Ufuta ulikuwa umeokwa ndani ya unga, haukuonekana kwa macho na haukutajwa kwenye lebo. Alifariki siku hiyo. Wazazi wake walipigania mpaka sheria ikabadilika, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 hata chakula kinachofungwa pale pale dukani kinatakiwa kiwe na orodha kamili ya vilivyomo. Sheria yenyewe inaitwa kwa jina lake.

Sasa fikiria mikate yetu ya ufuta na kashata za ufuta, na mgeni aliyepanga nyumba hapa ufukweni anaagiza kwa simu. "Contains sesame" maana yake ufuta umetiwa. "May contain traces of sesame" maana yake haukutiwa ila huenda chembe zimo. Mkate wa ufuta ukiuandikia "traces" umemwambia uongo wa hatari. Na akikuuliza "Is there any sesame?" usimjibu "just a little", kwa mtu huyu hakuna "just a little". Mjibu "Yes, it contains sesame. Please don't eat it if you are allergic."

Kwenye namba sitokaa sana. Zafarani inauzwa kwa gramu na nusu gramu, basi andika 0.5 g, sifuri iwepo mbele. Ukiandika .5 g ile nukta ikipotea kwenye lebo mteja anasoma 5 g, mara kumi ya mzigo wako. Alama ya gramu ni "g" peke yake, maana "gr" wengine wanaisoma "grain", kipimo cha zamani kisichofika hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Wateja wa Muscat na Dubai wakitaka mafuta ya udi wanakutajia tola, ambayo ni gramu 11.66, na robo tola ni karibu gramu 3. Mteja wa Ujerumani hajui tola ni nini, kwa hiyo andika zote mbili. Bibi zetu waliohesabu kwa wakia na ratili wala hawakupitwa na wakati, wakia ndiyo "ounce" ya Wamarekani mpaka leo, gramu 28 na kitu.

Nakuwekeeni tangazo langu la kungumanga kama lilivyo, anayetaka alichukue abadilishe:

"Whole nutmeg from Zanzibar. 50 g, about 10 pieces. Very strong: use only a pinch, freshly grated. Packed in a kitchen that also handles cashews and sesame."

Pale nimeandika "pieces". Sikuandika "10 nuts", maana kungumanga ni mbegu, si jamii ya korosho, na mwenye mzio akiliona neno "nuts" anaondoka bila kuuliza.