Mgonjwa wa saratani anaposema "sijambo": namna ya kupima na kutuliza maumivu wodini

Daktari anapita raundi asubuhi. Anafika kitandani, anaamkia: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Mama anajibu: "Marahaba mwanangu, sijambo, namshukuru Mungu." Daktari anaandika kwenye faili na kwenda kitanda kinachofuata. Binti anayemuuguza amekaa kimya pembeni. Yeye ndiye anayejua kuwa usiku kucha mama yake alikuwa anauma pindo la khanga ili kilio chake kisiwaamshe wagonjwa wengine.

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Ruponda. Mama huyo alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na hayo niliyaona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo, kila familia inayompeleka mgonjwa hospitali naiambia jambo moja: kwetu "sijambo" ni jibu la salamu, haipimi maumivu. Homa ina kipimajoto, presha ina mashine yake. Maumivu hayana mashine. Hupimwa kwa neno la mgonjwa mwenyewe, na asipoweza kusema, kwa macho ya anayemuuguza. Yaani wewe.

Kwa nini saratani huuma?

Uvimbe unaweza kukandamiza mishipa ya fahamu, kuingia kwenye mifupa, au kuziba njia ya mkojo au ya choo. Matibabu nayo yanaweza kuuma: kidonda cha upasuaji, ngozi iliyoungua kwa mionzi, vidonda vya mdomoni vinavyotokana na dawa za saratani.

Maumivu yasiyotulizwa hayamjengi mtu uvumilivu. Humnyima usingizi, humkatisha hamu ya kula, na wengine huomba kurudi nyumbani kabla hawajamaliza matibabu. Kutuliza maumivu ni sehemu ya matibabu, na mgonjwa ana haki ya kuyapata.

Pima kwa mkono

Njia rahisi inayotumika katika huduma za tiba shufaa hapa Afrika ni vidole vya mkono mmoja. Mwombe mgonjwa akuonyeshe:

- Ngumi iliyofungwa (0): hakuna maumivu
- Kidole 1: maumivu madogo sana
- Vidole 2: madogo, lakini anayasikia
- Vidole 3: ya kati, yanamsumbua
- Vidole 4: makali
- Vidole 5: makali kuliko yote anayoweza kufikiria

Hospitali nyingine hutumia namba 0 hadi 10. Zote ni sawa, mradi mtumie kipimo kimoja kila siku.

Muulize akiwa ametulia, kisha muulize tena anapogeuka, anapokaa au anapokwenda haja. Wengi hawasikii maumivu wakiwa wamelala chali, lakini wakigeuzwa huwa vidole vinne. Mpime tena saa moja baada ya kumeza dawa, ndipo utajua kama imefanya kazi.

Kwa mtoto

Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuonyesha kwa picha za nyuso, kuanzia uso unaocheka hadi unaolia. Aliye mdogo zaidi mtazame mambo matano: uso (amekunja?), miguu (anarusha, au ameikunja na kuikaza?), mwili (anajipinda, au amekakamaa?), kilio, na kama anabembelezeka ukimpakata.

Usidanganyike na mtoto aliyenyamaza. Mtoto mwenye maumivu ya muda mrefu anaweza kuacha kulia kwa kuchoka. Halali vizuri, hachezi, hataki kuguswa. Wewe mama unajua mwanao alivyo akiwa mzima. Ukiona si yeye, sema.

Mwambie nini daktari?

Chukua daftari dogo. Kila siku andika:

- Panauma wapi, na kama maumivu yanasambaa
- Vidole vingapi asubuhi, mchana na usiku
- Yanakuwaje: yanachoma, yanabana, yanakata au yanapwita
- Nini kinayazidisha, nini kinayapunguza
- Alilala saa ngapi, alikula nini, alipata choo lini
- Dawa aliyopewa, na saa aliyopewa

Daktari akifika, salimianeni kwanza, kisha mwambie: "Daktari, jana usiku mama alikuwa vidole vinne, hakulala. Dawa ya saa 4 ilimsaidia kwa saa mbili tu." Hapo umempa kitu cha kufanyia kazi. Kama unaona aibu kumsemea mzazi wako mbele yake, mfuate muuguzi wa zamu mezani kwake umwonyeshe daftari.

Dawa hutolewaje?

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ambao wauguzi wengi tumefundishwa: dawa hupanda kama ngazi kulingana na maumivu. Madogo huanza na parasetamoli au dawa za jamii ya ibuprofeni. Ya kati na makali huhitaji dawa zenye nguvu, na kubwa kati ya hizo ni mofini. Kwa watoto ngazi ni mbili tu: parasetamoli au ibuprofeni, kisha mofini kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Usimpe mgonjwa dawa nyingine ya maumivu uliyonunua dukani bila kumwuliza muuguzi. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuharibu figo au kutoboa tumbo.

Mofini ya kunywa ya maji hufanya kazi kwa saa nne hivi, kwa hiyo hutolewa kwa saa, bila kusubiri maumivu yarudi. Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka: saa 12, saa 4, saa 8, kisha tena saa 12, saa 4, saa 8. Maumivu yakichomoza katikati, mwite muuguzi. Daktari anaweza kuandika dozi ya ziada.

Hofu tunazozisikia kuhusu mofini

"Ni dawa ya kumalizia mtu." Hapana. Mofini hutolewa kwa sababu ya ukali wa maumivu, hata kwa mgonjwa anayetarajiwa kupona. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo.

"Atakuwa teja." Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani, akisimamiwa na wahudumu wa afya, ni nadra kuwa mraibu. Mwili unaweza kuizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla. Daktari huipunguza taratibu.

"Tuiweke akiba, yakizidi tutakosa dawa." Dozi ya mofini inaweza kuongezwa na daktari maumivu yakiongezeka. Kumnyima leo hakumwekei akiba ya kesho.

Madhara ya kutazamia

Choo kigumu karibu kila mtu hukipata, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Usingizi na kichefuchefu mara nyingi hupungua baada ya siku chache.

Mwite muuguzi haraka, na usimpe dozi inayofuata, ukiona:

- Amelala na haamki hata ukimtikisa
- Anapumua polepole sana au kwa kukatakata
- Amechanganyikiwa ghafla

Mambo unayoweza kufanya mwenyewe

Mgeuze kila baada ya saa mbili, umwekee mto au khanga iliyokunjwa chini ya sehemu inayouma. Kitambaa cha uvuguvugu husaidia misuli iliyokaza, lakini usikiweke kwenye kidonda au ngozi iliyopigwa mionzi. Mshike mkono. Mtoto mpakate, mwimbie, msimulie hadithi. Dua na sala humpa moyo. Haya yote yaende pamoja na dawa, yasichukue nafasi yake.

Kabla ya kutoka hospitali

Sisi wa Ruponda tuko mbali. Mgonjwa anaweza kuanzia hospitali ya wilaya Nachingwea, akapelekwa Ndanda au hospitali ya mkoa ya Sokoine, Lindi, na mwingine akafika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mofini inadhibitiwa kisheria, hivyo usitegemee kuikuta kila zahanati. Kabla ya ruhusa uliza:

1. Dawa hii itatosha siku ngapi?
2. Ikikaribia kwisha nitaifuata wapi, na kwa karatasi gani?
3. Nipime kiasi gani kila dozi? (Omba kuonyeshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chupa za mofini zinaweza kutofautiana nguvu, kwa hiyo soma lebo kila unapopewa mpya.)
4. Nimpigie nani simu maumivu yakizidi?

Nyumbani ifungie mahali ambapo watoto hawafiki, usimgawie mtu mwingine hata kama naye anaumwa, na iliyobaki irudishe hospitali.

Yule binti wa khanga nilimwomba ampime mama yake kwa vidole. Mama alitazama mkono wake kitambo, kisha akanyoosha vyote vitano. Alisema hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Dozi ilibadilishwa siku hiyohiyo, na usiku wa pili alilala hadi alfajiri. Jioni hii, kabla mgonjwa wako hajalala, mwombe akuonyeshe vidole.